Chai ya Bi Sikudhani

Kifuani nimebandikwa jina: MZEE MWAIPAJA.
Nina miaka kumi na tisa na ndevu saba.
Watoto wa Keko wanalijua hilo,
wanajipanga kando ya mtaro,
"Shikamoo, mzee!"
Naitika marahaba, nifanyeje,
huku naruka maji machafu na viatu vyangu vya Jumapili
ambavyo sasa ni vya kila siku.

Saa kumi na mbili na nusu simu inalia.
Mwenza wangu, Mzee Thorsen, anatangulia kupiga magoti.
Ni mrefu: nyayo zake zililala nje ya neti,
mbu wote wakampigia kura.
Bomba halijatoa maji tangu Alhamisi.
Tunagawana ndoo, yeye kichwa, mimi shati.
Shati jeupe, mjini hapa, lina saa mbili za utakatifu;
ikifika saa nne kola imeshaungama.

Tunakatiza katikati ya makochi,
vitanda visivyo na godoro, milango isiyo na nyumba.
Randa zinaimba, vumbi la mninga linaganda kwenye jasho,
tunafika kwa watu tumepakwa unga
kama samaki wanaosubiri mafuta.

Hodi.
"Dawa za mende hatutaki."
Hodi.
"Nyie wa kausha damu? Mama kasema kasafiri."
Hodi.

Bi Sikudhani alifungua.
Si kwa ajili ya kitabu chenu, alisema,
miguu yenu tu imenitia huruma.
Akatandika mkeka, akasogeza cherehani.

Thorsen akaanza somo la kwanza,
Kiswahili chake kikitembea kama mtu kwenye tope:
"Mungu ametuomba sisi sote."
Ametuumba, nilitaka kumnong'oneza.
Bi Sikudhani akaninyooshea kiganja. Mwache.
"Ametuomba nini?"

Hakuna aliyejibu.
Nje msumeno ulikata ubao hadi mwisho.

Ndipo chai ikaja.
Ya rangi, kwenye glasi, tangawizi imepondwa si kidogo,
na mvuke wake ukanishika kola
ukanirudisha Tukuyu:
ukungu, kikapu mgongoni mwa mama,
vidole vyeusi vya utomvu
vinavyochuma majani mawili na ncha, majani mawili na ncha,
kilo ngapi ili mtoto apate daftari.
Kila herufi niijuayo ilichumwa kwanza.

"Hatunywi chai, Bi."
"Mnaumwa?"
"Hapana. Tuliahidi."
"Mlimwahidi nani?"
Nikaonyesha juu, na kidole kikanionea aibu.

Hakununa. Alinywa glasi yangu, akanywa na ya Thorsen,
taratibu, akitutazama,
kisha akaingia ndani, akarudi na maji.
"Yamechemshwa. Msiogope."
Nililijua dumu lile, na bei yake kwa wiki ile isiyo na bomba.
Tulikunywa hadi tone la mwisho.
Huko nyuma nilidhani kukataa ndiyo kazi ngumu.

Jumatatu, siku ya kufua, nampigia mama.
"Bado unachuma?"
"Bado. Na wewe bado hunywi?"
"Bado."
Anacheka mpaka salio linatishika.
"Haya. Nyumbani ni yaleyale, tunachuma tusichokunywa,
ya kwetu huwa makombo."

Usiku, daftari la kazi:
Milango, thelathini na mmoja.
Masomo, nusu.
Waliokubali kubatizwa, naacha wazi.

Umeme umekatika. Gizani Thorsen anafanya mazoezi
ndani ya neti, nyayo nje:
kuumba, kuomba, kuumba,
Mungu ametuomba, Mungu ametuomba.

Nimesikia. Nimegeukia ukuta,
sijamsahihisha.